Jinsi ya Kufanya Utafiti wa Ugonjwa wa Kiwele Uliojificha kwa Ng'ombe wa Maziwa Nakuru

Ugonjwa wa kiwele huja kwa sura mbili. Ule unaoonekana mkulima huutambua mwenyewe, kwa maana maziwa hutoka na mabonge, kiwele huvimba na kupata joto, na ng'ombe hurusha teke akiguswa. Ule uliojificha hauna dalili yoyote ya macho: maziwa ni meupe, ng'ombe anakula na kucheua kama kawaida, lakini chembe nyeupe za damu zimejaa ndani ya maziwa na kiasi kinachokamuliwa kinapungua polepole hadi mwenye ng'ombe anazoea upungufu huo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa tiba ya mifugo, afisa wa mifugo wa kaunti ndogo au mtafiti chipukizi anayetaka kupima ukubwa wa tatizo hili miongoni mwa wakulima wenye ng'ombe wachache. Kwa maoni yangu, kazi ya maabara ndiyo sehemu nyepesi zaidi ya utafiti wa aina hii. Ugumu uko kwenye orodha ya maboma na kwenye dakika chache zinazotumika kando ya ng'ombe kabla ya kukamua.

Hatua ya kwanza: Andika swali linalopimika

Kichwa kama "ugonjwa wa kiwele na uzalishaji wa maziwa Nakuru" hakimwambii mtu apime nini, kwa nani, wala lini. Swali linalofaa hutaja mnyama, mahali, wakati na kipimo. Kwa mfano: kati ya ng'ombe wanaokamuliwa katika maboma yenye ng'ombe wasiozidi kumi, katika kaunti ndogo za Njoro na Molo, ni asilimia ngapi waliokuwa na angalau robo moja ya kiwele yenye ugonjwa uliojificha wakati wa mvua za masika?

Baada ya hapo, eleza kwa maandishi ni ng'ombe yupi atahesabiwa kuwa mgonjwa. Katika mwongozo huu nachukulia kuwa ni yule ambaye kiwele na maziwa yake havina kasoro ya kuonekana, lakini robo moja au zaidi imepata alama ya 1 au zaidi katika kipimo cha California, ambacho wengi hukiita CMT (alama zake zimeelezwa katika hatua ya sita). Wapo watafiti wanaohesabu hata dalili hafifu iliyo chini ya alama ya 1, nao wana sababu zao. Lililo muhimu ni kwamba uamuzi huo ufanywe na kuandikwa kabla ya maziwa ya kwanza kupimwa, kwa sababu ukiachwa hadi mwisho mtafiti atavutwa na jibu analolipenda.

Kumbuka pia kwamba utafiti unaotembelea kila boma mara moja tu unaweza kuonyesha kuwa mambo mawili yanakwenda pamoja, kama vile sakafu ya udongo na ugonjwa, lakini hauwezi kuthibitisha kwamba moja limesababisha jingine.

Hatua ya pili: Shughulikia vibali mapema

Utafiti nchini Kenya huhitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Kabla ya kuiomba, pitisha pendekezo lako kwenye kamati ya maadili ya taasisi yako, na usidhani kwamba kwa kuwa unapima ng'ombe basi hakuna binadamu anayehusika: ukimuuliza mkulima maswali, yeye naye ni mshiriki wa utafiti. Jina lake, nambari yake ya simu na mahali boma lake lilipo ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi ulioletwa na Katiba ya 2010, kwa hiyo ofisi ya mifugo ya kaunti ni lazima ijue unachofanya, na kadhalika chifu na naibu wake katika kila lokesheni utakayoingia. Barua kwa chifu huonekana kama jambo dogo, lakini mgeni anayepita asubuhi na mapema akiuliza habari za ng'ombe za watu, katika maeneo ambako wizi wa mifugo si jambo geni, hujitafutia balaa. Hakikisha vilevile kwamba anayeshika wanyama na kuchukua sampuli amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, au anafanya kazi chini ya usimamizi wa aliyesajiliwa.

Hatua ya tatu: Kokotoa idadi ya ng'ombe

Kanuni ya kawaida ya kukadiria asilimia huzidisha 1.96, nambari inayosimamia uhakika wa asilimia 95, kwa 1.96, kisha kwa asilimia inayotarajiwa, kisha kwa kile kinachobaki hadi kufikia moja, na kugawanya kwa mraba wa kosa unaloweza kulivumilia. Ukichukua asilimia 50, ambayo ndiyo hudai sampuli kubwa zaidi, na kosa la asilimia 5, utapata karibu 384. Wengi huishia hapo na kuandika 384 kwenye pendekezo lao, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Ng'ombe wa boma moja hawako huru kila mmoja peke yake. Hukamuliwa na mikono ileile, hupanguswa kwa kitambaa kilekile na hulala kwenye tope lilelile, kwa hiyo ng'ombe watatu wa boma moja hukupa habari pungufu kuliko ng'ombe watatu wa maboma matatu. Marekebisho yake ni kuzidisha idadi kwa moja ukiongeza zao la kiwango cha kufanana na idadi ya ng'ombe wa kila boma iliyopunguzwa moja. Tuseme unapima wastani wa ng'ombe watatu kwa boma na unakadiria kufanana kwa 0.2: kizidisho ni 1.4, na 384 inageuka 538, yaani maboma 180 hivi.

Ikiwa fedha na gari havitoshi kwa maboma 180, ongeza kosa unalolivumilia hadi asilimia 7. Sasa kanuni inatoa 196, na baada ya kuzidisha kwa 1.4 unapata ng'ombe 275, ambao ni maboma kama 92. Ni afadhali utafiti mdogo uliotamka wazi upana wa kosa lake kuliko mkubwa uliokamilishwa kwa kuruka maboma ya mbali. Ongeza maboma machache juu ya hayo, kwa kuwa baadhi ya wakulima watakataa na wengine utawakuta wamekwisha kuuza ng'ombe.

Hatua ya nne: Tengeneza orodha, kisha piga kura

Hatua hii ndiyo inayoamua kama matokeo yako yatakuwa na thamani. Orodha iliyo rahisi kupatikana ni ya chama cha ushirika wa maziwa, na ina faida zake, lakini inawaacha nje wakulima wanaomuuzia mchuuzi wa pikipiki au majirani. Wakulima hao mara nyingi ndio walio mbali na lami, na hakuna sababu ya kudhani kwamba viwele vya ng'ombe wao vinafanana na vya wanachama wanaopata mafunzo na dawa za mkopo. Chukua orodha ya ushirika, iongeze kwa ile ya afisa wa mifugo wa wadi na ya mtaalamu anayepandisha ng'ombe kwa mrija, ambaye huwajua wenye ng'ombe kuliko ofisi yoyote, halafu pitia majina pamoja na wazee wa vijiji ili uondoe yanayojirudia na ujaze yaliyosahaulika.

Orodha ikikamilika, ipe kila boma nambari na uchague kwa nambari nasibu za kompyuta. Usimwachie afisa wala chifu akuchagulie "wakulima wazuri wasiokuwa na shida", hata kama nia yake ni njema. Boma lililochaguliwa likiwa upande wa Kuresoi ambako barabara huteleza wakati wa mvua, au juu ya Molo ambako gari linaishia kwenye lango la shule na safari iliyobaki ni ya miguu, liendewe hivyo hivyo. Ukiliacha na kuchukua la jirani aliye karibu na barabara, umebadilisha swali lako bila kumwambia msomaji. Pale ambapo haliwezekani kabisa kufikiwa, andika sababu na uitaje kwenye ripoti.

Hatua ya tano: Andaa vifaa na uwapime wapimaji

Vifaa vyenyewe si vingi: sahani ya CMT yenye vikombe vinne, kitendanishi chake, kikombe cheusi cha kukagua maziwa ya kwanza, glavu, pamba na spiriti ya asilimia 70, chupa ndogo zilizotakaswa, kisanduku cha barafu, kalamu isiyofutika kwa maji na fomu. Vaa glavu katika kila boma. Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, humpata binadamu kupitia maziwa mabichi na majimaji ya ng'ombe.

Kinachosahaulika ni kuwapima wapimaji. Kipimo hiki husomwa kwa jicho, na macho mawili hayaoni sawa. Wakusanye wote watakaosoma, wapime robo zilezile za ng'ombe walewale bila kuangaliana fomu, kisha linganisha majibu kwa Kappa, kipimo cha takwimu kinachoonyesha wasomaji wanakubaliana kiasi gani. Tofauti zikiwa nyingi kati ya alama ya 1 na ya 2 tatizo ni dogo, lakini zikiwa kati ya hafifu na 1, yaani kwenye mpaka wenyewe wa mzima na mgonjwa, rudieni mazoezi kabla ya kwenda nyanjani. Jaribuni pia hojaji kwa wakulima wachache ambao hawamo kwenye orodha.

Hatua ya sita: Kazi ya asubuhi bomani

Fika kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Maana yake ni kuondoka mjini kukiwa bado giza, kwa sababu maboma mengi hukamua alfajiri ili kuwahi gari la maziwa, na ukichelewa utakuta kiwele kimekwisha kumwagwa. Piga hodi, jitambulishe, taja ni nani aliyekuruhusu, kisha omba ridhaa kwa lugha ambayo mwenye boma anaielewa, iwe Kiswahili, Kikuyu au Kikalenjin. Maneno yawe ya kawaida: "Mama, tungependa kupima maziwa ya ng'ombe wako. Hatutamchoma sindano. Ukikataa hakuna jambo litakalokupata, na huduma za mifugo utaendelea kuzipata vilevile." Mzee wa boma ndiye anayetia sahihi mara nyingi, lakini anayejua habari za kila chuchu ni yule anayekamua, ambaye anaweza kuwa mke wake, mwanawe au kijana wa kazi. Muulize huyo.

Kabla ya kuuliza chochote kuhusu usafi, tazama na uandike. Ukiuliza, "Je, huwa unaosha kiwele kabla ya kukamua?" kila mtu atajibu ndiyo, na wala huwezi kumlaumu, kwa kuwa swali lenyewe limembeba mtu kwenye jibu. Tazama badala yake kama kuna kitambaa kimoja kwa ng'ombe wote, kama maji ya ndoo yamebadilishwa baada ya ng'ombe wa kwanza, kama sakafu ya banda ni saruji, mbao au udongo, na kama tope limemfikia ng'ombe kwenye kiwele.

Kisha chambua nani atapimwa. Ng'ombe aliyezaa ndani ya siku saba zilizopita bado ana dang'a au mabaki yake, na chembe huwa nyingi hata akiwa mzima. Hali huwa hivyo pia kwa anayekaribia kukaushwa, yaani kuachishwa kukamuliwa kabla ya kuzaa tena. Waandike wote, lakini uwaweke kando kama ulivyoamua kwenye pendekezo. Ng'ombe aliyepewa antibayotiki hivi karibuni aonyeshwe wazi kwenye fomu, kwa sababu sampuli yake inaweza kukosa kuotesha kitu maabarani ingawa bakteria wangalimo kwenye kiwele.

Mwache mkamaji aliyezoeleka asimame karibu na ng'ombe. Mgeni mwenye koti jeupe humfanya ng'ombe azuie maziwa. Papasa kila robo ukilinganisha ukubwa, joto na ugumu, kagua chuchu kama zina majeraha, na uandike chuchu iliyokufa, kwa maana ng'ombe mwenye chuchu tatu zinazotoa maziwa hahesabiwi kama mwenye nne. Kamulia michirizi miwili au mitatu ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, maji au damu, huyo ana ugonjwa wa wazi na anaandikwa kwenye safu yake mwenyewe.

Sasa shika sahani ya CMT, kila mara mpini ukielekea upande uleule, ili herufi ya kila kikombe ibaki na chuchu yake. Kamulia mchirizi mmoja au miwili katika kila kikombe, inamisha sahani hadi maziwa ya ziada yamwagike na kubaki kama mililita 2, kisha ongeza kitendanishi kwa kiasi hichohicho. Zungusha sahani polepole ikiwa imelala sawa kwa muda wa sekunde kama 10, na usome huku ukiendelea kuizungusha, maana dalili hafifu hupotea upesi. Kitendanishi ni sabuni yenye rangi ya zambarau. Huvunja chembe zilizomo kwenye maziwa, na DNA inayotoka ndiyo inayoyafanya yawe mazito. Mchanganyiko ukibaki mwepesi, robo ni nzima. Ukiona utando mdogo unaotoweka, hiyo ni dalili hafifu. Ukizidi kuwa mzito bila kujikusanya, ni alama ya 1; ukianza kujikusanya katikati ya kikombe unapozungusha, ni 2; ukiwa kama ute wa yai, ukashikamana na kupanda juu katikati, ni 3. Alama ya 1 kwa kawaida hulingana na chembe zipatazo 400,000 na kuendelea katika kila mililita, na ile ya 3 ni zaidi ya milioni 5.

Msomaji ataje alama kwa sauti, mwandishi aitamke tena anapoiandika. Suuza sahani kwa maji safi kabla ya ng'ombe anayefuata.

Hatua ya saba: Sampuli ya maabara

Kwa robo zilizopata alama ya 1 au zaidi, chukua maziwa ya kuotesha kabla ya kukamua kuendelea. Safisha ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti hadi pamba itoke nyeupe, ukianza na chuchu za upande wa mbali na wewe na kumalizia za karibu. Kuchukua sampuli hufuata mpangilio wa kinyume, za karibu kwanza, ili mkono wako usipite juu ya chuchu iliyokwisha kusafishwa. Inamisha chupa, kifuniko ukikishika kikiangalia chini, ukusanye mililita 5 hadi 10. Andika nambari kwenye chupa yenyewe. Iliyoandikwa kwenye kifuniko hupotea mara vifuniko viwili vinapobadilishana.

Weka sampuli kwenye barafu na uzifikishe maabarani siku hiyohiyo. Nakuru ina bahati ya kuwa na maabara ya kanda ya uchunguzi wa mifugo, na Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, lakini panga nafasi na malipo kabla ya kuanza. Sampuli zisizooteshwa ndani ya saa 24 zigandishwe, ukijua kwamba ugandishaji hupunguza Escherichia coli kuliko unavyopunguza Staphylococcus aureus, jambo linaloweza kupotosha picha ya bakteria walioko. Kawaida ni kuotesha kwenye agari ya damu na ya MacConkey, ambazo ni vyakula vya kukuzia bakteria, kwa nyuzi 37, na kusoma baada ya saa 24 na 48. Chupa inayoota aina tatu au zaidi ihesabiwe kuwa imechafuliwa, na idadi ya zilizochafuliwa itajwe kwenye ripoti. Chupa chafu zikiwa nyingi, rudi utazame jinsi chuchu zinavyosafishwa.

Hatua ya nane: Chambua kwa kuzingatia maboma

Ingiza data jioni ya siku hiyohiyo, wakati fomu bado inaweza kuelezwa na aliyeijaza. Toa asilimia ya ng'ombe kando na asilimia ya robo, na usichanganye hizo mbili: ng'ombe 275 wana karibu robo 1,100, lakini hawakupi ushahidi wa wanyama 1,100.

Tuchukue mfano wa kubuni wa ng'ombe 110 wagonjwa kati ya 275, yaani asilimia 40. Ukipuuza maboma, kosa ni kama asilimia 5.8 kila upande; ukizingatia kizidisho cha 1.4, linafika 6.9, na jibu lako linakuwa kati ya 33 na 47. Upana huo uandikwe pamoja na asilimia yenyewe kila mahali inapotajwa, pamoja na kwenye muhtasari. Unapotafuta mambo yanayoambatana na ugonjwa, tumia modeli inayotambua kwamba ng'ombe wamekaa ndani ya maboma, na utaje vigezo vyote ulivyovijaribu, hata vile ambavyo havikuonyesha kitu.

Hatua ya tisa: Rudisha majibu

Majibu ya CMT hujulikana papo hapo, na hakuna sababu ya kuondoka nayo. Mwonyeshe mkamaji sahani yenyewe; ute unaopanda kwenye kikombe kimoja huku vitatu vikiwa vyepesi humshawishi kuliko kijitabu chochote. Mshauri amkamue ng'ombe huyo mwisho, kila ng'ombe awe na kitambaa chake, chuchu zichovywe kwenye dawa ya ayodini baada ya kukamua, na ng'ombe apewe chakula ili asimame nusu saa hadi saa moja huku tundu la chuchu likifunga. Usiache dawa bomani wala usitaje dozi. Matibabu na uamuzi wa kuingiza dawa wakati wa kukausha ni kazi ya daktari wa mifugo wa eneo, na maziwa ya ng'ombe anayetibiwa hayauzwi hadi muda ulioandikwa kwenye dawa uishe.

Majibu ya kuotesha yakitoka, yapeleke kwa simu au kwa mguu, kwa kila boma peke yake. Ofisi ya mifugo ya kaunti na vyama vya ushirika wapewe kurasa chache za Kiswahili zenye matokeo kwa kiwango cha wadi. Mara nyingi mnunuzi wa maziwa ataomba pia majina ya maboma yaliyopatikana na ugonjwa, pengine kwa nia ya kuyasaidia. Asipewe, kwa sababu mkulima aliridhia kupimwa kwa ajili ya utafiti, na orodha hiyo ikimfikia mwenye mizani ya kituo cha maziwa inaweza kumfungia soko asubuhi inayofuata.